Nzuguni: Mji Unaolilia Maji, Yakija Unayakimbia



Watanzania wengi wanaijua Nzuguni ya mwezi wa Agosti. Hiyo ni Nzuguni ya maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Malecela, yenye vumbi, upepo na jua la kuchoma. Mgeni anateremka stendi kuu ya mabasi, anapita Soko Kuu la Job Ndugai kununua chochote, anarudi kwao, na huko anawaambia watu kwamba Dodoma ni nchi kavu kupindukia. Hakosei sana, ila hajaiona Nzuguni ya Januari.

Mwezi huo mvua ikipiga kwa saa mbili tu, korongo ambalo jana yake watoto walikuwa wanachezea mpira linageuka mto. Bodaboda wanasimama upande huu na abiria wanabaki upande ule. Kesho asubuhi maji hayapo, limebaki tope na mchanga mbele ya milango ya watu. Na sisi waandishi tunaandika habari ile ile tuliyoandika mwaka jana, kwa maneno yale yale: mvua yaleta adha.

Leo naomba niiache habari ya adha na niandike historia. Nina sababu. Nimekaa kwenye vikao vingi ambako wakubwa wanasema mafuriko ya mjini ni "mabadiliko ya tabianchi", halafu kikao kinafungwa. Tabianchi inabadilika kweli, sibishi. Lakini ukifuatilia historia ya mji huu utaona kwamba maji ya mvua yalikuwepo kabla ya sisi wote, na kwamba tumeujenga mji kana kwamba hayatakuja.

Tuanze na jina lenyewe. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba ndovu alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope na kuanza kuzama. Waliomwona wakapaita pale Idodomya, yaani mahali alipozama. Ipo na simulizi ya pili, inayochekesha zaidi. Baadhi ya wenyeji waliiba ng'ombe wa majirani zao Wahehe, wakawala wote, wakabakiza mikia. Wenyewe walipokuja kuwatafuta, walikuta mikia imechomekwa kwenye tope. Wakaambiwa, tazameni, ng'ombe wenu wamezama!

Chagua simulizi unayoipenda. Zote mbili zina tope. Mji tunaoutaja kama mfano wa ukame ulipewa jina la mahali penye maji mengi kiasi cha kumzamisha ndovu. Waliotoa jina hilo walijua jambo moja: nchi hii ni kavu muda mrefu, lakini siku ikilowa, inalowa kwelikweli.

Hesabu za hali ya hewa zinakubaliana nao. Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Kwa hiyo maji ya mwaka mzima yanashuka ndani ya siku chache, tena kwa ngurumo, juu ya ardhi iliyokauka na isiyo na majani.

Nyumba ya asili ya Mgogo, yaani tembe, ilijengwa kwa kulijua hilo. Paa lake la udongo liko bapa, na mvua ikinyesha udongo hunywa kwanza kabla maji hayajadondoka chini. Sasa linganisha na bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati lenye mita za mraba 100, likipigwa na mvua ya milimita 50, linamwaga lita 5,000 hapo hapo. Weka nyumba elfu moja za namna hiyo kwenye mtaa mmoja, unapata lita milioni 5, kabla hujahesabu barabara za lami, uwanja wa stendi na sakafu za soko. Siwaambii watu warudi kwenye tembe. Ninachosema ni kwamba kila bati tunalopigilia lina maji yake, na maji hayo lazima yapite mahali.

Yanapita wapi? Upande huu wa mashariki mwa mji, makorongo yanayapeleka kwenye bonde la Kinyasungwe. Kinyasungwe inashuka Gulwe na Godegode kule Mpwapwa, inaingia Mkondoa kuelekea Kilosa, kisha Wami, mpaka Bahari ya Hindi kule Saadani. Tone linaloangukia Nzuguni lina safari ndefu kuliko basi la Dar.

Bonde hilo hilo ndilo Wajerumani walilifuata walipojenga Reli ya Kati. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kupanda kutoka Kilosa mpaka uwanda wa kati, njia rahisi ilikuwa kupita kando ya mto. Tangu hapo reli na maji vimekuwa wapangaji wa nyumba moja wasiopatana. Mvua za kuanzia mwishoni mwa Desemba 2009 mpaka Januari 2010 zilisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikakatika kwa miezi. Kilosa peke yake watu zaidi ya 20,000 walikosa makazi. Tukumbuke kwamba maji yale hayakunyesha Kilosa tu. Mengi yalitoka huku juu, kwenye uwanda wetu.

Mwingereza naye alikuja na jibu lake, nalo lilikuwa mabwawa. Karibu na mji kulikuwa na Imagi, Msalatu na Matumbulu, na mbali kidogo Ikowa. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957. Wazo lilikuwa zuri: yazuie maji ya mvua, yatumike kiangazi. Lakini mwaka 1972 watafiti waliokuwa na Anders Rapp kutoka Sweden walichapisha utafiti wao juu ya mabwawa manne, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walikuta yanajaa mchanga na tope kwa kasi kubwa. Miteremko ilikuwa imelimwa na kulishwa mifugo mpaka ikabaki uchi, na mvua za mwanzo wa msimu zilikuwa zinaikuta ardhi haina kitu cha kuishika. Mwaka mmoja baadaye, 1973, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka zaidi kule Kondoa. Kwa maneno mengine, miaka zaidi ya 50 iliyopita nchi hii ilishajua kwamba huwezi kuyadhibiti maji kwenye bwawa kama hujayadhibiti kule yanakotokea.

Mwaka huo huo wa 1973, tarehe 1 Oktoba, TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango Kabambe wa kwanza ulitoka mwaka 1976, ukiwa umeandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba mji ufuate umbo la nchi: vilima, miteremko na mabonde, badala ya kulazimisha nchi ifuate mji. Leo ukiitazama ramani ile unaweza kuwacheka wale wataalamu kwa mambo mengi, lakini hilo hawakukosea.

CDA ilikuwa na lawama zake, na wenyeji wa Dodoma hawajazisahau. Migogoro ya viwanja na bomoabomoa iliwafanya wananchi wengi waichukie. Lakini tazama jambo moja tu kuhusu mamlaka hiyo. Aliyepanga ramani, aliyegawa kiwanja, na aliyechonga barabara na mtaro alikuwa mtu mmoja. Maji yakiingia ndani kwako ulijua mlango wa kugonga.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, na kazi zake zikahamia Manispaa, ambayo tarehe 26 Aprili 2018 ikawa Jiji. Wakati huo huo Serikali ilikuwa inahamia kwa kasi. Kwa sensa ya 2012 Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179. Nzuguni, ambayo iko kati ya katikati ya mji na Mji wa Serikali wa Mtumba, ikawa mahali ambapo kila mtumishi aliyehamia alikuwa anaulizia kiwanja. Stendi kuu na soko kuu vikajengwa hapo hapo, kwa fedha za mradi wa miji ya kimkakati, TSCP.

Hapa sasa ndipo penye mzizi wa fitina. Mvua ikinyesha Nzuguni leo, nani anasimamia yale maji?

Mtaro wa barabara kuu ni wa TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Mtaro wa barabara ya mtaa ni wa TARURA, wakala ulioanza Julai 2017, miezi miwili tu baada ya CDA kufa. Ramani na viwanja ni vya Jiji. Mto na rasilimali za maji ni vya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao makuu Morogoro, chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2009. Maji ya bomba na majitaka ni ya DUWASA. Utabiri ni wa TMA. Watu wakishazama, linakuwa suala la maafa, na hapo kuna kamati za maafa na Sheria Na. 6 ya mwaka 2022.

Sisemi wataalamu wa ofisi hizi hawafanyi kazi. Wanafanya. Tatizo ni kwamba ofisi karibu zote zimegawanywa kwa kufuata barabara na mipaka ya wilaya, na maji hayaijui mipaka hiyo. Yanatoka kwenye kilima, yanapita kwenye viwanja vya Jiji, yanaingia mtaro wa TARURA, yanakutana na tuta la TANROADS, yanatafuta kalavati, na kalavati likiwa dogo yanarudi nyuma kwenye nyumba za watu. Mhandisi wa barabara anahesabu maji ili barabara yake isikatike, na hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Kazi ya kuhesabu maji ili mtaa wa chini usizame, tangu kilimani mpaka mtoni, kwa sasa haina mwenyewe mmoja.

Na korongo lenyewe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Safi kabisa. Lakini nenda Julai ukamwoneshe mnunuzi korongo kavu, lenye mchanga mweupe na mbuzi wawili, halafu umwambie huu ni mto. Dalali atakuwa wa kwanza kucheka. Na ikumbukwe kwamba baada ya 2017 mauzo ya viwanja yamekuwa chanzo kikubwa cha mapato ya Jiji. Anayetegemea kuuza ardhi ndiye huyo huyo tunayemtegemea aseme hapa hapauzwi, hapa ni njia ya maji. Huo ni mtihani mgumu kwa yeyote. CDA nayo ilikuwa na mtihani huo huo.

Wenzetu walifanyaje? Kule Marekani kuna kitu kinachoitwa wilaya ya kudhibiti mafuriko. Ni mamlaka yenye kazi moja tu, maji ya mvua, na yenye kodi yake. Los Angeles waliunda yao mwaka 1915, baada ya mafuriko ya 1914. Houston, katika kaunti ya Harris huko Texas, waliunda yao mwaka 1937, baada ya kuzama mwaka 1929 na tena 1935. Mamlaka kama hiyo inachora ramani ya kila mkondo, inachimba mabwawa ya kuyatuliza maji ili yasifike chini yote kwa mkupuo, inasafisha mikondo kabla ya msimu, na inaweka vipima mvua na vipima kina vinavyotuma taarifa mvua ikiwa bado inanyesha, ili watu wa chini wajue kinachokuja.

Lakini msidhani nawaletea dawa ya Mzungu. Los Angeles waliuzibia mto wao kwa zege karibu wote, maji yakawa yanakimbilia baharini, na jiji hilo likaendelea kuvuta maji ya kunywa kutoka mamia ya kilomita. Houston nao, pamoja na mamlaka yao, waliacha nyumba maelfu zijengwe ndani ya eneo ambalo mabwawa ya Addicks na Barker yakijaa lazima lifurike. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipokuja, mabwawa yakajaa, na nyumba zile zikaingia maji. Walionunua wengi walisema hawakuambiwa. Ofisi nzuri bila ujasiri wa kukataa kuuza kiwanja haitoshi, hata kwa tajiri.

Kwa nini hili ni kubwa zaidi kwa Dodoma kuliko kwa Houston? Kwa sababu maji haya tunayoyakimbia ndiyo tunayokunywa.

Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Vina kumbukumbu ya kina cha maji ya ardhini tangu miaka ya 1950, moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote katika nchi za joto. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza na Tanzania, wakiongozwa na Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, walichapisha walichokiona katika kumbukumbu hiyo. Maji ya chini hayapandi kila mwaka. Yanashuka miaka kadhaa mfululizo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa na yanapanda kwa kishindo. Kupanda kukubwa kuliko kote kulitokea msimu wa El Niño wa 1997/98. Ndiyo, mvua zile zile zilizokata barabara nchi nzima na ambazo wazazi wetu wanazikumbuka kama balaa, ndizo zilizoijazia Dodoma ghala lake la maji. Utafiti wa baadaye wa eneo hilo ulionesha pia kwamba maji mengi hushukia chini kupitia vitanda vya mchanga vya mito ya msimu.

Yaani makorongo. Lile lile ambalo dalali anasema si mto.

Sasa unganisha mambo. Tukilijaza korongo na kujenga juu yake, tunazamisha majirani wa chini. Tukiliziba lote kwa zege ili maji yaende haraka, tunaokoa mtaa mmoja, tunapeleka kishindo Gulwe na Kilosa, na tunafunga mlango ambao maji ya kunywa ya miaka kumi ijayo yangepitia. Hivi karibuni DUWASA wamechimba visima hapa hapa Nzuguni. Kata inayochimbiwa visima ndiyo inayochimbiwa mitaro ya kuyafukuza maji, na wanaochimba hawa na wale hawako ofisi moja.

Gharama ya kutokupanga tunaijua. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipoteza takriban watu 40, na waliokuwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliua watu zaidi ya 80 kule Katesh, Hanang. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kutokana na mvua za msimu ule. Aliyasema hayo hapa Dodoma, kilomita chache kutoka kwenye makorongo ninayoyazungumzia.

Dodoma bado ina nafasi ambayo Jangwani na Msimbazi waliipoteza zamani. Mji wetu bado unapimwa. Hekta nyingi za Nzuguni na vitongoji vyake zilikuwa mashamba juzi tu. Bomoabomoa ya kesho inaweza kuzuiwa na mstari unaochorwa kwenye ramani leo. Kwa maoni yangu mambo matatu hayahitaji kusubiri mfadhili. La kwanza, makorongo yote ya Jiji yapimwe kwa upana wa maji ya Januari na si mchanga wa Julai, na ramani hiyo ibandikwe ofisi za kata, ili mnunuzi aione kabla ya kulipa. La pili, ofisi hizi zote zikae meza moja kila Oktoba, kabla ya mvua, na mmoja wao atajwe kwa jina la cheo kuwa ndiye mwenye korongo. La tatu, kila jengo kubwa la umma, kuanzia stendi na soko, lihesabu maji ya paa lake na liseme linayaweka wapi. Tenki, bwawa dogo, shimo la kunyonya, chochote.

Wapo watakaoniambia Jiji halina fedha. Sawa. Lakini fedha ya kupima na kuuza kiwanja ilipatikana. Fedha ya kupima na kutokukiuza itoke wapi?

Wazee wetu walipomwona ndovu anazama waliweka jina, ili atakayekuja ajue pale pakoje. Sisi tumelibakiza jina na kusahau onyo lake.

Wenye kumbukumbu za mvua za 1997/98 pale Nzuguni, Ipagala na Ihumwa, naomba mniandikie: maji yalifika wapi, na pale yalipofika leo pana nini? Nitazikusanya. Huenda ndiyo ikawa ramani yetu ya kwanza.

Nawasilisha.